Kura ya 102 ilikuwa na bei

Hesabu ya Mei 26, 1909, katika bunge la jimbo la Illinois mjini Springfield, ilisomwa hivi: William Lorimer kura 108, Albert Hopkins 70, Lawrence Stringer 24. Jumla 202. Wa kwanza akawa seneta wa Marekani, wengine wawili wakarudi nyumbani.

Ajabu iko kwenye majina. Hopkins alikuwa seneta aliyekuwa akimaliza muda wake, na ndiye aliyeongoza kura za maoni za Republican mwaka uliotangulia. Stringer ndiye aliyepitishwa na wapiga kura wa Democratic. Lorimer hakugombea kura za maoni za chama chochote. Wananchi waliulizwa wanamtaka nani, wakajibu, kisha waheshimiwa wakamchagua mtu ambaye mwananchi hakuulizwa habari zake. Na katika zile kura 108, Republican wenzake walitoa 55 tu. Nyingine 53 zilitoka kwa Wademokrati, yaani mahasimu wake wa jukwaani.

Mwaka mmoja baadaye ikaja kujulikana kwamba baadhi ya kura hizo zilinunuliwa. Kesi hii husimuliwa kwa mkato: mla rushwa alinunua useneti, gazeti likamwumbua, Seneti ikamtoa, Katiba ikarekebishwa ili wananchi wachague wenyewe. Ni hadithi tamu ya kumsimulia mtoto. Mimi nadhani imekosea mahali pa muhimu kabisa. Ukiifuata kwa tarehe na kwa hesabu, Lorimer anaonekana kuwa mteja wa soko lililojengwa na sheria miaka 40 na ushei kabla yake, tena kwa nia njema.

Katiba ya Marekani ya mwanzo haikumpa raia kura ya kumchagua seneta. Kazi hiyo ilikuwa ya wabunge wa kila jimbo. Mabunge mengine yalifanya leo, mengine yalisubiri, mengine mabaraza yake mawili yaligombana hata seneta asipatikane. Ndipo mwaka 1866 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuweka utaratibu mmoja. Kila baraza la bunge la jimbo lipige kura kwanza peke yake. Wasipokubaliana, kesho yake saa sita mchana wakae ukumbi mmoja. Ashinde anayevuka nusu ya kura. Asipopatikana, wapige tena kesho, na kesho kutwa, walau mara moja kila siku ya kikao, hadi apatikane. Na kura ipigwe kwa sauti: jina lako linaitwa, unasimama, unamtaja unayemtaka mbele ya wote.

Tazama sheria hiyo ilichokiacha. Haikusema wa mwisho aondolewe. Haikusema wawili wa juu warudiane. Haikuweka ukomo. Wagombea watatu waliogawana kura wangeweza kugawana Januari, wakagawana Februari, wakagawana hadi mvua za masika. Halafu ongeza ile kura ya sauti. Sisi tunaoijua kura ya siri tunajua shida ya mtoa rushwa: unampa mjumbe bahasha, anakushukuru kwa moyo wote, anaingia kwenye kituo, anampigia mwenzako. Baada ya kura za maoni za mwaka 2020 Watanzania walipata msemo wa haja, kwamba wajumbe si watu wazuri, na aliyeutunga bila shaka alikuwa amelipa. Springfield hapakuwa na hofu hiyo. Mnunuzi aliketi juu kwenye roshani ya wageni akasikia bidhaa yake ikitajwa kwa sauti.

Kwa hiyo kulikuwa na wauzaji wachache, idadi yao inajulikana, majina yanajulikana, mzigo unakabidhiwa hadharani, na soko linafunguliwa upya kila siku. Kati ya 1891 na 1905 pekee ilitokea mikwamo 45 katika majimbo 20. Delaware ilikwama vibaya kiasi kwamba kati ya 1901 na 1903 haikuwa na seneta hata mmoja Washington. Kule Montana, Januari 1899, mjumbe mmoja alisimama mbele ya wenzake na kuonyesha bahasha zenye dola 30,000 za tajiri wa shaba William Clark. Siku chache baadaye bunge lilelile likamchagua Clark. Kamati ya Seneti ikamwona hafai, akajiuzulu mwaka 1900, na mwaka 1901 akachaguliwa tena, safari hii akaketi bila bughudha.

Illinois ilikuwa na kilema chake cha ziada, nacho pia kilizaliwa na nia njema. Katiba yake ya 1870 iliweka wilaya 51 za uchaguzi, kila moja ikitoa wajumbe watatu wa baraza la chini. Mpiga kura alikuwa na kura tatu na aliruhusiwa kuzirundika zote kwa mgombea mmoja. Lengo lilikuwa kulinda chama cha wachache, kipate walau kiti kimoja hata kwenye ngome ya mwenzake. Lilifanikiwa mno. Viongozi wa vyama viwili walijifunza kuhesabu: hapa sisi wawili ninyi mmoja, pale ninyi wawili sisi mmoja. Mara nyingi wagombea walikuwa watatu kwa viti vitatu. Uchaguzi ulikwisha kabla haujafanyika.

Mjumbe aliyepatikana namna hiyo hana sababu ya kumwogopa mpiga kura. Anamwogopa aliyempa nafasi. Na kwa kuwa ili chama chake kipate kile kiti kimoja ni lazima chama kingine kisiweke mgombea wa tatu, urafiki wa chini kwa chini kati ya Republican na Democratic ulikuwa sehemu ya kazi. Mnamo Januari 1909, Edward Shurtleff wa Republican alipata uspika kwa kura za Wademokrati, dhidi ya matakwa ya gavana wa chama chake mwenyewe, Charles Deneen. Aliyekuwa macho angesoma hapo kitakachofuata Mei.

Lorimer alikuwa mtoto halali wa mazingira hayo. Alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1861, akaletwa Marekani mdogo, akakulia kwenye umaskini wa upande wa magharibi wa Chicago. Aliuza magazeti, akapiga watu viatu rangi, akawa kondakta wa tramu. Siasa aliianzia mtaani, kwa kuwatafutia watu kazi, na hakuwasahau waliomsaidia. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara. Magazeti yalimwita Bosi wa nywele za njano. Kufikia 1909 alikuwa mbunge Washington, na miezi yote ya mwanzo ya mkwamo jina lake halikuwa miongoni mwa yaliyotarajiwa. Hopkins alikwama kwa sababu kambi ya Republican ilikuwa imepasuka. Katika kikao kile cha pamoja Republican walikuwa zaidi ya 120, na walihitaji 102 au 103 tu kumaliza kazi. Hawakuzifikisha. Walipiga kura zaidi ya mara 90.

Mara 90. Mwanzoni ni mchezo, kura za heshima anapewa mzee fulani, watu wanacheka. Kufikia Aprili nauli zimekwisha, mashamba yanasubiri, hoteli zinadai. Kambi ndogo ya watu kumi inaanza kugundua kwamba ina thamani kuliko kambi kubwa ya 60, kwa sababu wale 60 wameshasema wanamtaka nani. Anayeweza kugeuka ndiye mwenye bei. Sheria ya 1866 ilidhani kuwapigisha watu kura kila siku kutawachosha hadi wakubaliane. Iliwachosha kweli, na ikawapa muda wa kusikilizia bei.

Sasa tuje kwa Charles White, mjumbe kijana wa Democratic kutoka O'Fallon, kusini mwa jimbo. Naye alikuwa mtu wa tramu kabla ya siasa, kama Lorimer. Kwa maelezo yake, siku mbili tatu kabla ya Mei 26 aliitwa chumbani kwa kiongozi wa Wademokrati bungeni, Lee O'Neil Browne, akaulizwa kama anaweza kumpigia kura Mrepublican. Aliweza. Alisema alilipwa dola 1,000 kwa mafungu. Lakini kulikuwa na fungu la pili, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Wenyewe waliliita jakpoti, neno ambalo vijana wetu wa mikeka hawahitaji kutafsiriwa. Hilo halikuhusu useneti. Lilikuwa chungu cha pamoja kilichojazwa na waliotaka miswada fulani ipite au ife, kikagawanywa bunge lilipofungwa.

Mgawo wa jakpoti, kwa ushahidi wake, ulifanyika Julai 15, 1909, katika hoteli ya Southern mjini St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi, nje ya mipaka ya Illinois. Robert Wilson, mjumbe wa Chicago, alikutana hapo na wenzake wa kusini. Chumba kilikuwa na bafu. Fedha zilitolewa bafuni. White aliingia humo, akatoka na dola 900. Wengine wawili, Beckemeyer na Link, walikuja kukiri habari zinazofanana na hizo: elfu moja ya Lorimer na mia tisa za jakpoti. Watunga sheria wa jimbo lililomtoa Abraham Lincoln wanapishana kwenye mlango wa bafu kupokea posho yao. Ukitaka picha moja ya kesi nzima, chukua hiyo.

Na hapo ndipo swali la maadili linapokuwa gumu kuliko wahubiri walivyotaka. Kwa mjumbe aliyezoea jakpoti, dola elfu moja ya Lorimer ilikuwa nini? Rushwa, au nyongeza ya mshahara? Watanzania tuliishi na sheria ya takrima hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, tunajua namna watu wazima wanavyoweza kukaa mezani na kujadili kwa uso mkavu mahali ukarimu unapoishia na hongo inapoanzia. Illinois haikuhitaji hata kujadili. Desturi ilikuwapo kabla ya mnunuzi.

Mkono mwingine wa kesi uliibuka kwa njia ambayo mwandishi wa tamthilia angeona aibu kuitunga. Mwendesha mashtaka wa Springfield alikuwa akichunguza zabuni ya viti na meza za ukumbi wa bunge. Akambana seneta wa jimbo aitwaye Holstlaw, mtu wa Iuka, mji mdogo, kuhusu ahadi ya asilimia zake kwenye fanicha. Holstlaw, alipoona maji yamefika shingoni, akaanza kusema, na aliposema ya viti akasema na ya Lorimer: dola 2,500, kutoka kwa John Broderick, seneta mwenzake aliyekuwa na baa Chicago. Alikuwa ameziweka benki kwa jina lake, na karatasi ya kuwekea fedha ikapatikana. Bei yake ilikuwa mara mbili na nusu ya White. Seneti ya jimbo ina viti 51, baraza la chini 153. Bidhaa adimu hupanda bei.

White hakuungama kwa sababu ya dhamiri, au si kwa dhamiri peke yake. Alikwishatumbua zile fedha. Akaandika kisa chake na kutafuta wa kumuuzia. Akamwandikia hadi Lorimer kumjulisha kwamba ana mswada wa maana mkononi. Lorimer akajibu kwa upole akimtakia heri katika uandishi. Lile lilikuwa jibu la mtu asiye na habari, au la mtu mjanja mno. Hatimaye Chicago Tribune ikalipa dola 3,250 na kuchapisha habari Aprili 30, 1910. Mawakili wa upande wa pili hawakulala: huyu shahidi, wakasema, aliuza kura yake kwa elfu moja, na sasa ameuza ungamo lake kwa elfu tatu na zaidi. Browne alishitakiwa. Jopo la kwanza la majuri likashindwa kukubaliana, la pili likamwachia.

Theodore Roosevelt, rais mstaafu, Septemba mwaka huohuo alikataa kuhudhuria chakula cha klabu moja ya Chicago hadi Lorimer aondolewe kwenye orodha ya waalikwa. Magazeti yalifurahi wiki nzima. Tuendelee.

Seneti ilipoanza kuchunguza, mjadala uligeuka kuwa wa hisabati, na hapa nawaomba wasomaji wavumilie kidogo kwa sababu kila kitu kipo hapa. Waliokiri kupokea walikuwa wanne. Waliotajwa kuwa watoaji, Browne, Wilson na Broderick, walikuwa watatu, nao pia walimpigia Lorimer. Tuseme kura saba zimeoza. Zitoe. Waliomtetea wakasema: ondoa saba kwenye 108, zinabaki 101. Ondoa hizohizo saba kwenye 202, zinabaki 195. Nusu ya 195 ni 97 na kitu. Mia na moja imevuka. Ameshinda kihalali hata bila wezi.

Ni hoja safi ukiwa darasani. Lakini wale saba hawakuwa hewa. Walikuwa watu wameketi ukumbini, na kama wasingelipwa wangebaki wameketi palepale, wangeitwa majina, wangemtaja Stringer au mtu mwingine. Kikao kingebaki cha watu 202. Kuvuka nusu ya 202 kunahitaji 102. Lorimer angekuwa na 101. Angekosa moja, kikao kingevunjwa, na kesho saa sita mchana wangeanza upya, pengine na zile 101 zikianza kuyeyuka kwa sababu watu hupanda basi linaloondoka, hawapandi lililopasuka tairi.

Ndiyo maana nasema kura saba zilitosha. Mnunuzi hakuhitaji kununua 108, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba alijaribu. Sehemu kubwa ya wale Wademokrati 53 walimpigia Lorimer kwa sababu za kawaida za siasa: kumkomoa gavana Deneen, kumkomoa Hopkins, kutaka kazi kwa watu wao, kuunga mkono mradi wa njia ya maji yenye kina cha kupitisha meli, ambao Lorimer aliupigania miaka mingi, au kutaka tu kurudi nyumbani. Hizo kura hazina risiti. Fedha ilihitajika kuziba pengo la mwisho, lile kati ya urafiki na nusu. Sheria inayodai nusu kamili kutoka kwa kundi dogo lisilopunguza wagombea inatengeneza pengo hilo yenyewe. Anayeliziba ni mwenye fedha.

Nani huyo? Aprili 1911 meneja wa kampuni ya zana za kilimo ya International Harvester, Clarence Funk, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Illinois kwamba mfanyabiashara wa mbao wa Chicago, Edward Hines, alimwomba achangie dola 10,000 kurudisha gharama ya kumpitisha Lorimer, gharama iliyofikia kama dola 100,000. Hines alikana. Lorimer mwenyewe alikana hadi siku ya mwisho kwamba alijua lolote, na ushahidi wa kumfunga yeye binafsi kamba mkononi haukupatikana.

Machi 1, 1911, kabla ya habari za Funk, Seneti ilipiga kura: 46 Lorimer abaki, 40 aondoke. Baada ya Funk uchunguzi ukafunguliwa upya. Kamati mpya ikasikiliza upya, na watano kati ya wanane wakasema tena kwamba abaki, jambo limekwisha kuamuliwa. Lakini Seneti haikuwa ileile. Baadhi ya wale 46 walikuwa wameshaondoka, na waliobaki walikuwa wakisoma magazeti ya nyumbani. Julai 13, 1912, baada ya Lorimer kujitetea kwa hotuba iliyochukua siku kadhaa, kura zikawa 55 kwa 28. Uchaguzi wake ukatangazwa batili.

Batili, si kufukuzwa. Tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao. Kumfukuza seneta kunahitaji theluthi mbili. Katika kura 83, theluthi mbili ni 56. Walipata 55. Kutangaza uchaguzi batili kulihitaji wengi wa kawaida tu. Mtu aliyeingia kwa sababu kura chache zilivushwa mstari, akatolewa kwa sababu mstari uliwekwa mahali pengine. Sijui kama Lorimer aliiona kejeli hiyo. Umati ulimpokea Chicago kama shujaa.

Sasa tarehe. Marekebisho ya 17 ya Katiba, yanayompa raia kura ya kumchagua seneta, yalipita Seneti Juni 1911 na baraza la chini Mei 13, 1912. Yaani yalikuwa yameshapelekwa majimboni miezi miwili kabla ya Lorimer kutolewa. Kesi yake iliwapa msukumo, sikatai, lakini mageuzi yalikuwa yakitembea kwa miguu yake. Majira yaleyale ya baridi ya 1909 Illinois ilipokwama, bunge la Oregon, lenye Republican wengi, lilimchagua George Chamberlain, Mdemokrati, bila fujo. Si kwamba watu wa Oregon ni malaika. Wagombea wengi wa bunge kule walikuwa wametia saini mbele ya wapiga kura ahadi ya kumchagua atakayeongoza kura ya wananchi, awe wa chama chochote. Illinois nayo ilikuwa na kura ya wananchi, ila ilikuwa ushauri. Ushauri haukumzuia mtu kuingia bafuni.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba fedha haikuondoka, na ni kweli. Mwaka 1918, wananchi wa Michigan walipochagua seneta wenyewe, Truman Newberry alimshinda Henry Ford, na kampeni yake ilitumia fedha nyingi mno kuliko sheria ilivyoruhusu. Alitiwa hatiani mwaka 1920, Mahakama ya Juu ikabatilisha hukumu 1921, Seneti ikamwacha kwa kura 46 kwa 41 huku ikilaani matumizi yake, na mwishoni mwa 1922 akajiuzulu. Lakini linganisha walicholipia. Fedha ya Newberry ilikwenda kwenye matangazo na mashirika ya kampeni, ikawatafuta mamia ya maelfu ya watu ambao hakuna aliyejua kama wangeitika. Fedha ya Lorimer ilijua namba ya chumba.

Utaratibu wa zamani wa Marekani haujafa duniani. Wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi wanaujua: maseneta wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchaguliwa na mabunge ya mikoa, watu wachache wenye majina yanayofahamika. Baada ya uchaguzi wa Machi 2019 tuhuma za rushwa zilikuwa nzito hadi serikali ikasimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta wapya. Lawama nyingi zilielekezwa kwenye tabia za wabunge wa mikoa. Nilipozisoma niliwaza zaidi juu ya idadi yao.

Kiti cha Lorimer kilibaki wazi miezi minane. Machi 26, 1913, bunge la Illinois lilikuwa na viti viwili vya kujaza kwa pamoja, likakwama tena, kisha likajikwamua kwa mtindo wake: kimoja chenu, kimoja chetu. James Hamilton Lewis wa Democratic akapewa kiti cha muhula kamili, Lawrence Sherman wa Republican akapewa salio la Lorimer. Siku 13 baadaye Marekebisho ya 17 yakafikisha idadi ya majimbo iliyotakiwa.

Novemba 1914 Sherman akaenda kwa wananchi. Alikuwa na wapinzani wawili wazito, Roger Sullivan, bosi wa Democratic wa Chicago, na Raymond Robins wa chama cha Progressive. Kura ziligawanyika mara tatu, kama za Hopkins, Stringer na wenzao mwaka 1909. Sherman aliongoza kwa chini ya asilimia 40, akimzidi Sullivan kidogo tu. Kwa sheria ya 1866 huo ungekuwa mkwamo, na kesho yake saa sita mchana wangeanza tena. Kwa sheria mpya ulikuwa ushindi, na watu wakaenda kulala.